Hai, Lakini Hawaui

Maabara, 3 Machi

Dada yangu,

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe na mimi hatumalizi dakika tatu kabla mmoja hajamkatia mwenzake. Kwenye karatasi angalau utanivumilia mpaka mwisho, hata kama utakuwa unasonya.

Hilo sanduku alilokuletea dereva wa lori la mboga ndilo lenyewe. Lisikae juani. Ndani kuna vipande vya sifongo, na kwenye hivyo vipande kuna minyoo milioni hamsini. Usicheke. Ni wadogo kiasi kwamba ukikamua sifongo kwenye ndoo utaona tu maji yamekuwa kama yaliyooshewa mchele. Hawamdhuru mtu, hawamdhuru kuku, hawagusi mche. Kazi yao ni moja tu: wanamtafuta kiwavi ardhini, wanamwingia kwa mdomo au tundu lolote watakaloliona, na wakishaingia wanaachia vimelea vyao humo. Siku ya pili au ya tatu kiwavi amekwisha habari yake.

Kamua, chuja kwa kitambaa, tia kwenye bomba la mgongoni, mwagilia kwenye mashina jua likishalegea, udongo ukiwa umelowa. Karatasi ya maelekezo nimeiandika mimi mwenyewe. Kubwa kuliko yote: usichanganye na dawa ya wadudu.

Najua wanawake wote kumi na wawili wa kikundi wamekubali kwa neno lako, na wewe umekubali kwa neno langu. Sijasahau jinsi Mama Pacha alivyobebwa kutoka shambani msimu uliopita, baada ya kupuliza ile dawa ya kifuniko chekundu. Safari hii hakuna atakayebebwa.

Msalimie shemeji. Mwambie suruali aliyonishonea imenikaa sawasawa, mpaka Daktari, mkuu wetu hapa, ameuliza fundi wangu ni nani.

Mdogo wako,
Fundi wa Minyoo (ndivyo wanavyoniita hapa)


Nyumbani, 21 Machi

Wewe Fundi wa Minyoo,

Karatasi yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, kikundi kizima kikisikiliza. Tumefanya kila kilichoandikwa. Mama Pacha alikaa kivulini kulilinda sanduku utadhani ndani kuna mtoto wa mfalme.

Wiki ya kwanza miche ishirini na sita ya nyanya imelala chini, imekatwa usawa wa udongo kama kwa mkasi. Wiki ya pili sikuhesabu, niliogopa kujijua. Nikifukua pembeni ya shina naona viwavi wamejikunja, wanono, ngozi inang'aa kwa afya. Nilimweka mmoja kiganjani. Hakuonekana kuwa na mgonjwa wala msiba kwao.

Jirani yangu wa upande wa bonde, yule mwenye sauti, ameniuliza mbele ya watu kama minyoo ya mdogo wangu imekuja kuua viwavi au kuwapelekea salamu. Watu wamecheka. Mimi ni mwenyekiti, nimecheka pia. Uso uliniuma.

Niambie tumekosea wapi. Na uniambie kwa lugha ya mtu, si ya ile karatasi.

Dada yako


Maabara, 26 Machi

Dada,

Barua yako imeniharibia siku. Hao minyoo niliwapima mwenyewe kabla ya kuwafungasha, na hapa chumbani kwetu viwavi tisa kati ya kumi walikufa. Kwa hiyo kuna kitu kimetokea kati ya mlango wetu na shamba lako.

Nijibu haya, moja moja. Je, dereva aliweka sanduku wapi, nyuma kwenye mboga au mbele kwenye kioo? Maji mliyotumia yalikuwa ya moto? Udongo ulilowa? Mlipuliza saa ngapi? Na hili ndilo kubwa: kuna yeyote aliyepiga dawa ya wadudu, hata kidogo, hata kwa kujificha?

Sanduku la pili linakuja na barua hii. Mara hii bakizeni maji kidogo kutoka ndani ya bomba baada ya kupuliza, uyatie kwenye chupa safi, dereva anirudishie siku hiyohiyo. Nataka kuwaona kwa macho yangu.

Daktari ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Majaribio haya nilimwomba mimi, na shamba nilimchagulia mimi. Alisema, "La dada yako? Haya." Ile "haya" yake bado naisikia.

Mdogo wako


Nyumbani, 12 Aprili

Bwana Maswali,

Sanduku dereva aliliweka nyuma, juu ya kabichi, chini ya turubai. Nimemuuliza mpaka amenuna. Maji ni ya kisima, baridi mpaka meno yanagonga. Udongo ulilowa. Tulipuliza watoto wakitoka shule. Dawa ya wadudu hakuna aliyegusa, wala kwa kujificha. Unafikiri mimi ni mtu wa namna gani? Nilimshika Mama Pacha kichwa siku ile. Matapishi yake yaliingia kwenye kanga yangu. Unaniuliza mimi kama nimepiga dawa ya wadudu?

Na sanduku la pili halikufanya lolote. Nakuandikia na mikono ina udongo, nimetoka kupanda upya mistari minne ambayo niliipanda upya wiki jana.

Wanawake wawili wamejitoa. Hawakugombana nami, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Walikuja, wakakaa, wakanisifia pazia, kisha mmoja akasema, "Mwenyekiti, tumejaribu." Jana nimesikia harufu ya kifuniko chekundu kutoka shambani kwao.

Chupa yako hiyo hapo, anayo dereva. Waangalie hao ndugu zako.

Dada yako


Maabara, 18 Aprili

Dada,

Nimewaangalia. Wako hai.

Sijui nifurahi au nilie. Nimeweka tone la chupa yako chini ya hadubini na wote wanacheza, wanajipinda kama uzi unaotafuta tundu la sindano. Nimemwita Daktari. Ameinama, ametazama kitambo, akanyanyuka na kusema, "Minyoo yetu haina kosa. Mwulize mkulima wako anafanya nini."

Mkulima wangu. Ndivyo alivyosema.

Naomba kopo la udongo kutoka katikati ya shamba la chini, pale viwavi wanapokata zaidi. Nitaweka viwavi wetu wa hapa ndani yake, niwamwagie minyoo, tuone.

Na nakuomba, si kwa kukushuku, ujiulize tena. Kuna kitu kingine chochote mnachotia? Chochote. Hata kama hakihusiani na wadudu. Hata kama unaona si kitu.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Aprili

Mdogo wangu,

Hakuna.

Udongo huo hapo.

Wanawake waliobaki ni wanane.

Dada yako


Maabara, 8 Mei

Dada,

Nimetia viwavi ishirini kwenye udongo wako. Nikawamwagia minyoo wa kundi lilelile nililokufungashia. Nikasubiri siku nne, nikafukua.

Wamekufa wote ishirini.

Unaelewa maana yake? Minyoo ni wazima na udongo wako ni mzima. Kilichobaki ni watu. Daktari ameandika kwenye faili kwamba "mkulima hakufuata maelekezo" na kwamba majaribio yafungwe mwisho wa mwezi. Nilisimama pale mbele ya meza yake, nimeshika visahani vyangu vya viwavi waliokufa, na kwa mara ya kwanza niliona aibu kwamba wewe ni dada yangu.

Nimefuta sentensi hiyo mara mbili kisha nimeiandika tena, kwa sababu ndiyo kweli. Ninyi huko mnaona kazi yangu ni mchezo. Mmefanya mnavyotaka, kisha mnanirudishia lawama. Kama mlishindwa kufuata mistari tisa kwenye karatasi moja, mngesema mapema, nisingesimama kuwatetea.

Sina sanduku la tatu.

Fundi


Nyumbani, 22 Mei

Shemeji,

Mimi si mtu wa barua. Mimi nashona. Utanisamehe.

Dada yako yuko hospitali tangu Jumatano.

Barua yako ilipofika aliisoma amesimama mlangoni. Aliikunja, akaiweka chini ya cherehani yangu kana kwamba mimi ndiye nilitakiwa kuijibu. Asubuhi yake alikwenda kwa wale wanawake waliojitoa, akaazima kifuniko chekundu. Nilimwambia asubiri nimshonee hata kitambaa cha mdomo. Akasema, "Wote wamechoka kunisubiri, na mimi nimechoka kusubiri." Akaingia shambani peke yake, akapuliza shamba la chini lote.

Mama Pacha ndiye aliyemwona ameanguka kati ya mistari, bomba likiwa bado mgongoni. Jasho lilimtoka kama mtu aliyetumbukia kisimani. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Tumempeleka kwenye pikapiki, Mama Pacha nyuma amemkumbatia. Hospitali wamemtundikia maji na wamemchoma sindano nyingi. Sasa anaongea. Mikono inatetemeka. Muuguzi anasema huenda itatulia na huenda isitulie.

Nina mambo mawili ya kukwambia, kisha nirudi kazini.

La kwanza, ule udongo aliokupelekea haukutoka shamba la chini. Nilimwona kwa dirisha. Aliuchimba nyuma ya jiko.

La pili, mimi ndiye ninayeosha lile bomba. Tangu msimu uanze linatoa maji ya bluu. Mikono yangu ina bluu mpaka nimechafua kitambaa cheupe cha mteja. Sijui kama ni kitu. Mimi nashona.

Shemeji yako


Maabara, 25 Mei

Dada,

Naomba shemeji akusomee hii ukiwa umekaa.

Lile neno nililoandika juu yako sitaliomba msamaha kwa barua. Nitakuja kuliomba nikikutazama. Hapa nataka kukiri jambo jingine, kwa sababu nikisubiri nitapata njia ya kulifunika.

Ile bluu ni dawa ya ukungu. Ni mrututu, shaba. Sikuuliza kuhusu mrututu. Niliuliza "dawa ya wadudu", na wewe ukanijibu kweli, kwamba hakuna. Karatasi yangu nayo ilisema "dawa ya wadudu". Mrututu si dawa ya wadudu. Mtu yeyote mwenye akili angeupuliza bila wasiwasi.

Lakini mimi nilijua.

Mwaka juzi, nilipoanza kazi hapa, mzee niliyempokea nafasi alinionyesha ukurasa mmoja kwenye daftari lake. Aliwatia minyoo kwenye maji yenye dawa ya shaba. Hawakufa. Siku nzima walikuwa wanacheza. Kisha akawapelekea viwavi ishirini, na waliokufa ni wawili tu. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Hai, lakini hawaui." Shaba haikuwaua minyoo, iliwavuruga. Wanatembea lakini hawatafuti, au wanafika na hawana nguvu ya kuingia. Mzee mwenyewe hakujua ni kipi kati ya hivyo.

Nilipoandika ile karatasi ya maelekezo niliweka sentensi moja kuhusu shaba. Daktari akaifuta. Alisema, "Mkulima ukimkataza hiki na kile, hachukui kabisa." Nilikuwa na miezi michache tu kazini, nikanyamaza. Baadaye nikajiambia kwamba mrututu ulikuwa wa Mama, wewe hutumii shaba. Sikukuuliza. Nilijiambia tu.

Na ulipoleta chupa, nikaona wanacheza, ule ukurasa ulinijia kichwani palepale, Daktari akiwa amesimama kando yangu. Ningemwambia, ningekuwa nasema kwamba karatasi yake ndiyo yenye kosa. Ilikuwa rahisi zaidi kukuuliza wewe maswali.

Mwombe shemeji anichimbie udongo wa kweli. Shamba la chini, shamba la juu, na pale mnapochanganyia. Na anirudishie lile bomba kama lilivyo, asilioshe.

Mdogo wako


Nyumbani, 10 Juni

Mdogo wangu,

Shemeji yako ndiye mwandishi, mimi nasema. Mkono wangu ukishika kalamu unaandika habari zake wenyewe.

Barua yako amenisomea mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kutupa kikombe, ila nilikuwa sina nguvu, kikaishia kwenye blanketi.

Kwa hiyo ulijua. Mimi nilikuwa nabeba aibu ya kikundi kizima, napanda upya, nachekwa kisimani, na wewe ulikuwa na ukurasa kichwani. Mama Pacha alikuwepo wakati nasomewa. Alisimama, akakunja kanga yake, akaondoka bila kuaga. Yule ndiye aliyenibeba.

Sasa na mimi niseme yangu, nisije nikajifanya malaika hapa kitandani. Uliponiandikia "kitu chochote, hata kama hakihusiani", nilijua unauliza nini. Asubuhi tunapuliza mrututu, jioni tunapuliza minyoo yako, kwa bomba hilohilo. Sikujua kama unadhuru. Lakini nilijua wewe ukisikia utasema tuache, na bila ile bluu ukungu unazimaliza nyanya kwa siku nne, majani yanakuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Viwavi wanakata mche mmoja mmoja. Ukungu unachukua shamba. Ningechagua nini? Nikasema hakuna. Na pale shamba la chini kuna mabonge yana rangi mpaka unaweza kuyaokota kama shanga, nikaona ukiyaona umetufukuza. Nikachimba nyuma ya jiko.

Shemeji yako anataka kuandika kwamba nalia. Silii. Ni macho, daktari wa hospitali amesema yatakuwa hivyo kwa muda.

Makopo manne anayo dereva. Shemeji yako amefunga kila moja uzi wa rangi yake. Mwekundu ni shamba la chini, mweupe shamba la juu, mweusi pale tunapochanganyia. Wa kijani ni nyuma ya jiko, basi ucheke. Bomba nalo liko kwenye gunia, halijaoshwa, na yeye kunyima kitu maji ya kuoshea kumemuuma kuliko unavyodhani.

Usiniandikie kwamba unanipenda. Niandikie majibu.

Dada yako


Maabara, 4 Julai

Dada,

Majibu haya hapa. Kila kopo niliweka viwavi ishirini na minyoo idadi moja, nikarudia mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini macho yangu na mara ya pili sikutaka kuyaamini.

Kopo la kijani walikufa ishirini. Kopo jeupe, shamba la juu ulilofungua mwaka huu, walikufa kumi na tano. Kopo jekundu, shamba la chini, walikufa watatu. Kopo jeusi hakufa hata mmoja. Minyoo waliolala kwa saa mbili kwenye maji ya lile bomba niliwatia kwenye udongo safi kabisa, na viwavi waliokufa ni wanne.

Kwa hiyo kuna matatizo mawili, na moja tu lina dawa. La bomba ni rahisi: moja la mrututu, jingine la minyoo, yasikutane. Minyoo waende kwenye kitalu na kwenye mashimo ya kupandia, mrututu uje wiki mbili baadaye, majani tu, usidondoke chini hovyo. Hilo mnaweza kuanza hata kesho.

La shamba la chini sina dawa yake. Shaba haiozi. Mvua haiiondoi, jua haliiondoi. Mama alipuliza mrututu pale tangu hujaolewa, kila msimu, na sisi tukamsifu kwa nyanya zake safi. Shaba yote aliyopuliza bado imo humo. Tunao hapa minyoo wa aina nyingine, wagumu kidogo. Kwenye kopo jekundu waliua kumi na mmoja. Ni afadhali, lakini si kazi ya kujivunia, na sitakudanganya tena kwamba ni zaidi ya hapo.

Nilimpelekea Daktari karatasi hizi. Alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Karatasi ya maelekezo imeshachapishwa," akasema.

"Tuichape upya."

"Itaingia kwenye kikao cha mwezi wa tisa."

"Wakulima wanapanda mwezi wa nane."

"Fundi," akasema, "usinifundishe kalenda."

Nikatoka. Kabatini kulikuwa na karatasi mia mbili zinazosubiri kutumwa na masanduku. Nilikaa nazo siku mbili, nikaandika kwa kalamu chini ya kila moja: "Usitumie pamoja na mrututu wala dawa yoyote ya shaba. Minyoo watabaki hai lakini hawataua." Mia mbili. Kidole kimeota sugu. Nikatia jina langu kwenye kila moja, asije akalaumiwa mwingine.

Zilitoka na masanduku ya Jumatatu. Jumanne Daktari alipata habari zake. Sasa niko chumba cha kuoshea chupa. Si mtu wa mashamba tena, na sanduku halipiti mkononi mwangu. Sijafukuzwa, kwa sababu kunifukuza kungehitaji kueleza kwa nini.

Itisha kikao cha kikundi Jumamosi ya kumi na tisa. Nitakuja, na sanduku dogo la minyoo waliobaki kwenye majaribio yangu ya makopo. Usiwaambie chochote kabla, nitawaambia mwenyewe.

Mdogo wako


Nyumbani, 2 Agosti

Mdogo wangu,

Shemeji yako anaandika tena. Mkono wa kulia umetulia kidogo, naweza kushika kikombe kisichojaa. Wa kushoto umekataa.

Uliondoka haraka Jumamosi ile, sikupata nafasi ya kukwambia. Na hata ningepata, nisingesema. Nilikuwa bado nimekasirika, na ukiwa umekaa mbele yangu na ile shingo yako nyembamba hasira inanitoka kabla sijamaliza kuitumia.

Ulipokuwa umesimama pale mbele ya wanawake, na Mama Pacha akakuuliza, "Fundi, ulijua lini?", mimi niliinamisha kichwa. Niliomba moyoni useme uongo. Nilitaka useme umejua mwezi uliopita, kwenye makopo. Wangekusamehe palepale, na mimi ningebaki na mdogo wangu wa kujivunia. Wewe ukasema, "Mwaka juzi." Kisha ukaishia hapo, hukuongeza "lakini".

Nilisikia pumzi ya chumba kizima. Yule aliyekaa karibu na dirisha alitoka nje. Na maneno aliyokutupia Mama Pacha baada ya hapo sitayarudia, shemeji yako amegoma kuyaandika.

Wanawake watatu zaidi wamejitoa baada ya kikao. Sikuwazuia. Wamerudi kwenye kifuniko chekundu, na nawasikia wakipuliza, na kila nikisikia bomba linalia nasimama mlangoni mpaka wamalize salama. Sina la kuwaambia. Mwaka mzima nimewaambia mengi.

Shamba la chini nimeliacha. Halitapandwa nyanya tena mimi nikiwa hai. Nililia hapo, na hili shemeji yako ana ruhusa ya kuliandika. Shamba la juu tumetia minyoo kwenye mashimo, wale wachache waliobaki kwenye sanduku ulilobeba begani. Bomba jipya, halijui bluu ni nini. Ni siku kumi na moja sasa. Kati ya miche themanini imekatwa saba. Nahesabu kila asubuhi, nanyamaza.

Sasa sikiliza. Tumebaki watano, na mimi. Alhamisi walikuja hapa, nikadhani wamekuja kunisifia pazia. Mama Pacha ndiye aliyeongea. Akasema, "Mtu aliyetuambia ukweli wamempeleka kuosha chupa. Basi ni nani atakayetuambia mara nyingine?" Nikamwambia sijui. Akasema yeye anajua, ila inabidi mtu aende akamwulize huyo Daktari ana kwa ana, na ile karatasi ishikwe mkononi, ile yenye maandishi yako ya kalamu. Anayo, ile uliyotuachia siku ya kikao. Ameikunja kwenye kifuko cha plastiki, anatembea nayo.

Nikamwuliza, "Si wewe uliyemtukana mdogo wangu mbele ya watu?"

Akasema, "Na nikimwona nitamtukana tena. Hayo ni ya kwangu na yeye."

Tunakuja Jumanne, na lori la mboga. Dereva amekubali, ingawa amenuna. Masanduku tutayachukua wenyewe, mkononi, na Daktari atupe yule ambaye tunamwamini kuyafungasha, yaani wewe. Mwambie Daktari atuandalie viti sita. Na viwe imara, wawili wetu ni wazito.

Dada yako